Ukurasa wa Kupima Mafuta

Nilimfanya mtu asiye na kosa afukuzwe kazi kwa barua ya aya tatu, na barua yenyewe niliiandika kwa Kiingereza kizuri. Nalisema hilo mwanzoni ili msomaji asije akadhani anasoma habari za fundi hodari.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na sehemu yangu katika yadi moja ya magari mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, nyuma ya kiwanda kidogo cha misumari. Tulikuwa wawili: mimi wa injini na gia, na mwenzangu wa kuchomelea, ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha vyuma na kutoa maoni. Ufundi nilikuwa nimejifunza kwenye malori. Nilikuwa pia nimemaliza kidato cha nne, jambo ambalo halikuwa la kawaida pale yadini, na nilihakikisha halisahauliki.

Jirani yangu kule Makadara, mlango wa tatu kutoka kwangu, alikuwa dereva. Alikuwa Mkamba, mrefu, mpole, mwenye kuendesha gari kana kwamba amebeba mayai ya mtu mwingine. Ofisi yao ilichimba visima vya maji, na gari alilopewa lilikuwa la Kimarekani, la kwenda porini, zito, kuukuu, lenye giaboksi ya otomatiki. Mzungu aliyekuwa bosi wao wa kwanza ndiye aliyelileta. Yeye alirudi kwao, gari likabaki.

Sikuwa nimewahi kufungua otomatiki hata moja. Lakini dereva alimwambia meneja wake kwamba jirani yake ni fundi anayesoma vitabu. Hivyo ndivyo gari lilivyonifikia, kwa yeye kunisifu.

"Inachelewa kubadilisha gia," alinieleza siku ya kwanza. "Inalia, inalia, halafu inapiga teke."

"Teke la namna gani?"

"La punda. Jana meneja alijimwagia chai."

"Hiyo si gari mbovu," alisema fundi wa kuchomelea bila kuinua kichwa. "Hiyo ni gari inayomjua meneja."

Nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Injini ilikuwa imezimwa kitambo. Kwenye lori ndivyo tunavyopima: unazima, unangoja, unachomoa, unapangusa, unarudisha, unachomoa tena. Mafuta mekundu yalikuwa yamepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili.

"Yamezidi," nikasema.

Dereva alikohoa. "Fundi, Mzungu wangu alikuwa anapima ikiwa inanguruma."

"Inanguruma?"

"Tena ikiwa moto. Mimi nakaa ndani nimekanyaga breki, yeye anapima."

"Jirani, huyo Mzungu alikuwa anacheza na wewe. Siku utakayonifundisha giaboksi, mimi nitachonga twiga kama watu wa kwenu."

Tulicheka sote watatu. Yeye alicheka kidogo kuliko sisi. Nikaingia chini ya gari nikamwaga lita mbili na ushei.

Teke halikuisha. Nilimwambia gari linahitaji siku chache kuzoea, maneno ambayo fundi huyasema akiwa hana mengine. Kwenye mfuko nyuma ya kiti kulikuwa na kitabu cha gari, nikaomba nikae nacho. Nilikisoma nyumbani jioni baada ya jioni, nikiwa nimevaa shati safi. Nilisoma sura ya kufungua giaboksi nzima, yenye michoro ya sahani na pete na springi, hata nikaanza kuitamani kazi hiyo. Sura ya kwanza, ya utunzaji, niliiruka. Ilikuwa na picha ya mwanamke anayefuta kioo.

Baada ya majuma mawili gari lilirudi kutoka Kitui likivutwa. Injini ilinguruma vizuri, lakini magurudumu hayakuwa na habari. Nilichomoa kijiti nikanusa. Mafuta mekundu yalikuwa yamegeuka kahawia, na yalinuka kama ukoko uliosahauliwa jikoni.

Meneja alikuja yadini mwenyewe, kwa teksi.

"Nani ameharibu?" aliuliza.

Kwenye yadi yetu kulikuwa na kanuni moja: kitu kisichojulikana kimeharibiwa na nini kimeharibiwa na dereva. Hakuna aliyewahi kuitunga wala kuipinga. Madereva wenyewe waliizoea, wakanung'unika kidogo, mambo yakaisha hapo. Kwa hiyo nilijibu bila kufikiri sana kwamba ni uendeshaji.

"Nipe kwa maandishi," alisema meneja.

Hapo ningeweza kusimama. Maneno ya yadini huisha yadini, lakini barua huenda ofisini, na mimi niliyesoma nilijua hilo kuliko wote. Badala yake nilifurahi kuombwa. Nilifungua kitabu nyuma, penye jedwali la hitilafu na sababu zake. Kwa giaboksi kuungua kulikuwa na sababu tano. Ya kwanza ilikuwa mafuta machache. Hiyo niliipita, kwa kuwa mafuta nilikuwa nimeyapima mwenyewe. Nilichagua ya nne: kutia gia ya nyuma gari likiwa bado linakwenda mbele. Nikaieleza kwa aya tatu, nikatia sahihi yenye mkia.

Jumatano iliyofuata dereva alinikuta kwenye bomba la maji la mtaa, kila mmoja na ndoo yake.

"Nimefutwa," alisema. "Meneja amenisomea barua yako."

Nikasogeza ndoo yangu.

"Umeandika nilitia rivasi gari ikitembea. Uliniona?"

"Sikukuona."

"Basi nani aliniona?"

"Giaboksi inaonyesha, jirani."

"Ilikuambia?" Alingoja ndoo yake ijae. "Meneja anasema hatatafuta dereva mwingine mpaka gari itoke kwako. Ukifungua, uiangalie vizuri. Labda itakuambia kitu kingine."

Hakupandisha sauti. Wake zetu walikuwa wakipeana chumvi na viberiti, na hata siku ile mke wake alituma mtoto kuomba chumvi, na mke wangu alimpa.

Niliishusha giaboksi nikaifungua juu ya meza ya mbao, kitabu kando. Sahani za ndani zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuchemshia mahindi. Tulipata nyingine kwenye gari la saluni la Kimarekani lililokufa karibu na mto, nikazipanga moja moja kama kitabu kilivyosema, na sitaficha kwamba nilizipanga vizuri. Nikairudisha giaboksi mahali pake. Kisha nikatafuta nitie mafuta kiasi gani, na kitabu kikanirudisha sura ya kwanza, nyuma ya yule mwanamke wa kioo.

Ukurasa ule ulikuwa mfupi. Ulisema mafuta hupimwa gari likiwa mahali tambarare, limepata moto, injini ikinguruma. Injini ikizimwa, mafuta yaliyokuwa yakizunguka juu hushuka yote kwenye karai la chini, na kijiti huonyesha yamezidi wakati hayajazidi.

Niliusoma mara mbili. Kisha nikamwomba fundi wa kuchomelea akae ndani akanyage breki, nikapima gari likinguruma. Nikazima, nikangoja, nikapima tena. Mafuta yaleyale yalikuwa yamepanda kupita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili.

"Vipi?" aliuliza mwenzangu.

"Sawa tu," nikasema.

Tulilitoa gari kwenye barabara ya kiwandani kulijaribu. Lilivuta. Lilichelewa kubadilisha gia, likalia, likalia, halafu likapiga teke, lilelile la siku ya kwanza.

"Mbona inafanya 'sss' kama nyoka?" aliuliza mwenzangu tuliporudi. "Ilikuwa inafanya hivyo tangu ilipokuja. Nilidhani ndiyo kawaida ya Wamarekani."

Niliinama nikaifuata sauti. Kuna paipu nyembamba ya mpira inayotoka kwenye injini hadi ubavuni mwa giaboksi. Injini hunyonya hewa kupitia hapo, na kwa mnyonyo huo giaboksi hujua dereva amekanyaga kiasi gani. Ya gari hili ilikuwa na ufa mrefu kama kidole, umefichwa na matope ya miaka. Nilikata kipande cha mpira mpya nikakifunga. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Gari likaacha kupiga mateke, likabadilisha gia taratibu kana kwamba linaomba radhi.

Hiyo ilikuwa Alhamisi ya juma lililofuata. Jumamosi dereva alikuwa anahama, kwa kuwa nyumba ya Makadara haikai bila mshahara. Nilikwenda kumsaidia kubeba kitanda hadi stendi ya mabasi. Tulikipandisha kwenye keria juu ya basi, akakifunga mwenyewe. Fundo lake lilikuwa zuri kuliko langu. Mkewe na watoto walikuwa wamekwishakaa ndani.

"Ile gari umemaliza?" aliuliza.

"Karibu."

"Utakapoweka mafuta, upime ikiwa inanguruma."

Nilikuwa nimelijua hilo kwa siku mbili. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, hata sikuwa na haja ya kuyatafuta. Basi lilikuwa halijawashwa. Meneja alikuwa hajaajiri mtu. Kila kitu kilikuwa bado kinaweza kushushwa kutoka kwenye keria.

"Nitapima," nikasema.

Akanipa mkono, akapanda.

Jumatatu nilipeleka gari ofisini. Meneja aliendesha akazunguka uwanja mara mbili, akashuka akitabasamu. Aliniuliza kama ndani nilikuta vile nilivyoandika. Nikamwambia ndiyo. Neno moja, kwa Kiswahili, na halikuwa na mkia wowote.

Jumapili ya usiku, hata hivyo, nilikuwa nimeandika barua ya pili. Hiyo nilikuwa nayo mfukoni nikisema ndiyo. Ilisema yote: mafuta niliyomwaga, ukurasa nilioruka, paipu ya mpira, na kwamba dereva alinionya nikamcheka. Juu yake niliandika jina la meneja na anwani ya ofisi. Nilipokuwa narudisha kitabu kwenye mfuko nyuma ya kiti, niliifungua sura ya kwanza nikaiweka barua kwenye ukurasa wa kupima mafuta. Nilijiambia kwamba anayetaka kulitunza gari lile sawasawa lazima ausome ukurasa ule, na akiusoma atajua. Nilijiona mtu aliyekiri. Lakini kama kuna mtu Nairobi nzima aliyejua kwamba ukurasa ule hausomwi, alikuwa ni mimi.

Ilipita miaka sita au saba. Ofisi ile ilifungwa, magari yake yakauzwa, na siku moja lile la porini likaingia tena yadini, na mwenyewe mpya akilalamika kwamba linateleza mlimani. Kabla sijafungua boneti nilitia mkono nyuma ya kiti. Kitabu kilikuwapo. Barua ilikuwapo, imekunjwa kama nilivyoikunja, na imeacha alama ya kutu ya pini yake kwenye picha ya kijiti. Nilimwambia mwenye gari awashe injini. Mafuta yalikuwa hayagusi hata alama ya chini. Gari lilikuwa limepita mikononi mwa mafundi watano, alisema, wote wazuri.

Mwisho wa juma lile nilipanda basi hadi Wamunyu, kwao, penye wachongaji wa vinyago, nikauliza. Mtu aliyekuwa dereva hachukui muda kupatikana kati ya wachongaji. Alikuwa amekaa chini na wenzake, miguu imenyooshwa, tezo mkononi, vipande vya mti vimemjaa mapajani. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Aliniangalia, akawaambia wenzake jambo kwa Kikamba, wakacheka wote, akanisogezea gogo kwa mguu.

"Fundi. Twiga wako huyo hapo. Nimemtunza sana."

Nikakaa juu ya gogo, nikampa barua. Aliishika mbali na macho, akanirudishia.

"Kiingereza hicho ni chako. Nisomee."

Nikasoma kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, wenzake wakiwa wameacha kuchonga. Nilipofika mahali pa kumcheka hakuinua uso. Nilipomaliza aliichukua tena, akaigeuza, akaangalia jina lililo juu.

"Hii ni ya meneja," alisema.

"Ofisi ilifungwa."

"Najua ilifungwa. Lakini ni ya meneja. Umeniletea mimi ya nini? Mimi haya yote nilikuwa nayajua."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli. Akanirudishia barua, akapuliza vumbi kwenye shingo ya twiga aliyekuwa akimchonga.

"Na gari?" aliuliza. "Bado inatembea?"

"Inatembea."

"Ulipima ikiwa inanguruma?"

"Nilipima."

"Sawa," alisema, akaendelea na kazi.

Sasa naishi mtaa wa Pipeline kwa mwanangu, ghorofa ya sita, na magari nayaona kwa juu tu. Barua bado ninayo. Anwani iliyo juu yake haina mtu.