Mama Mkwe Alinisema kwa Mungu, Nikamjibu kwa Mungu

Admin, naomba unisitiri. Hata kanisa letu usilitaje, watu hapa wanajuana.

Nina miaka thelathini na nne, Mkamba wa Kitui, kazi yangu ni kushona sare za shule. Niliolewa Mbale, Uganda, miaka saba iliyopita. Tunaishi mtaa wa Namakwekwe, mimi, mume wangu na mama yake, na sote watatu tumeokoka. Nalisema mapema kwa sababu mkisoma mtaanza kutilia shaka.

Mama mkwe hajawahi kunitukana hata siku moja. Akitaka kunisema anafumba macho. Maombi yake yote ni ya Kigisu, lugha yao, na akifika kwangu anaingia Kiswahili ili nisikose hata neno. "Mungu Baba, saidia huyu bibi ya mtoto yangu. Mikono yake iko mzito. Nyumba iko chafu, wageni naona." Sasa mtu anayeomba utamjibu nini? Unaitikia Amina kama wenzako. Nimeitikia Amina kwa uvivu wangu, kwa mapishi yangu na kwa utasa wangu, miaka yote saba. Nikimlalamikia mume wangu ananiambia, "Mama anakuombea, na bado unanung'unika?"

Baba mkwe yuko Jinja, kiwandani, na huu ni mwaka wa sita hajarudi hata Krismasi. Mama huwaambia watu kwamba Mhindi wake hampi likizo. Mwaka juzi nilienda Jinja kununua vitambaa, nikakutana naye uso kwa uso mtaa wa Nalufenya, amebeba mkate, watoto wawili wamemshika shati wanamwita baba. Hakunificha. Alinipeleka nyumbani kwake, yule mwanamke akanipa chai, akanikaribisha vizuri kuliko nilivyowahi kukaribishwa kwa mume wangu. Baba mkwe alinisindikiza hadi stendi akaniambia, "Mwanangu, usimwambie mama yako. Ataumia." Nikanyamaza. Hata mume wangu sikumwambia, na baadaye nikaja kujua kwamba yeye alijua zamani.

Mwaka huu nilishika mimba kwa mara ya kwanza. Ikatoka ikiwa na miezi mitano. Wiki mbili baadaye, Alhamisi mchana, ilikuwa zamu yetu kupokea akina mama wa kanisa kwa maombi. Walikuja kumi na mmoja. Nilikuwa sijapona, lakini nilipika chai na kukaa chini nao. Kwetu maombi yanazunguka, kila mtu anaomba kwa sauti na wengine wanaitikia kila anapopumua. Ikafika kwa Mama. Alianza na wagonjwa, akaja kwa mvua, kisha akahamia Kiswahili. "Mungu, wewe naona hii tumbo. Unatia uhai, yeye natoa maiti. Kama iko kitu alifanya huko kwao Kenya, toa yeye nje, atubu." Amina, wakasema. Amina.

Aliyefuata nilikuwa mimi.

Sikupandisha sauti. Nilisema, "Bwana, nakushukuru kwa baba wa nyumba hii aliye Jinja." Amina. "Umbariki pale Nalufenya." Amina. "Wabariki na wale watoto wake wawili uliompa huko." Amina. "Na umbariki yule mama yao, aliyempa amani aliyoikosa hapa." Wakaitikia Amina, wote, kwa mazoea. Kisha nikafungua macho nione. Mama alikuwa ameshafungua yake, ananitazama mimi.

Tangu siku hiyo haombi. Hata chakula hakiombei, anakula tu. Mke wa mchungaji alikuja kunifundisha kwamba ulimi wa Mkristo ni wa kujenga, kwamba neno la upole halina hasara. Alikuwepo siku ile, ameketi karibu nami. Tumbo langu lilipoitwa la kutoa maiti, aliitikia kwa sauti kuliko wote. Nilimuuliza upole huo alikuwa ameuacha wapi, akasema nina roho ya uchungu. Sawa, ninayo.

Mume wangu ametoa amri. Alhamisi hii nisimame mbele ya wale wale kumi na mmoja, niseme nilidanganya, kwamba ni hasira ya kupoteza mimba iliyonipanda. Nisipofanya hivyo nirudi Kitui. Niliposema kweli nikawa mwovu, sasa niseme uongo ili niwe Mkristo.

Na ningeusema, jamani. Nimechoka, ningeusema yaishe. Lakini jana asubuhi mume akiwa kazini, Mama alikuja akasimama karibu na cherehani yangu. Hajawahi kuingia chumba ninachoshonea. Alishika kola ya shati nililokuwa nashona, akaigeuza geuza. Akauliza, "Wewe uliona yeye kwa macho yako?" Nikasema, "Ndiyo, Mama." Akauliza, "Iko na afya?" Nikasema ana afya. Akauliza tena, "Hiyo watoto nafanana na yeye?"

Kwa miaka saba sikuwahi kumwona huyu mama akiwa mdogo hivyo. Nilikuwa na jibu. Yule mkubwa ni baba mkwe mtupu, hadi masikio. Sikujibu, nilikanyaga cherehani nikaendelea kushona, na yeye akabaki amesimama pale.

Sijui kama nilinyamaza kwa kumhurumia au kwa kumwadhibu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Alhamisi nikisema nilidanganya, wale kumi na mmoja watafurahi, mume wangu atafurahi, na Mama peke yake ndiye atakayejua kwamba nimempokonya hata ule ukweli aliokuja kuniomba. Nikikataa, sina ndoa. Ninyi mnaosali na mnaoishi na wakwe, niambieni bila kunionea haya: nifanye nini?