Vumbi la Magunzi Nyumbani kwa Verla

Kwenye barabara yote ile ya changarawe, kutoka kwa akina Hagen mpaka mtoni, hakuna aliyesafisha maganda ya risasi kama Verla Stordahl, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Msimu wa kuwinda kulungu ukikaribia, wanaume walimletea maganda yao kwenye makopo ya kahawa na mifuko ya ngano, meusi kwa moshi, mengine yameokotwa matopeni. Sisi watu wa Montana hatutupi ganda la shaba. Bunduki ikishalia, ganda linaokotwa, linasafishwa, linatiwa fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya, na safari inaanza upya. Kujaza kila mtu alijijazia kwake. Kusafisha walimwachia Verla.

Kazi hiyo aliikuta kwa mumewe, Dwain, Mungu amrehemu, lakini gunzi lilikuwa lake. Dwain alikuwa mtu wa maganda ya jozi, zile kokwa ngumu. Aliyasaga, akayamimina kwenye beseni la mashine pamoja na shaba, beseni likatetemeka kutwa nzima mpaka uchafu ukakwanguka. Verla alitoka kwa wakulima wa mahindi kule Nebraska, na mwaka aliokuja kuolewa alitazama kazi ile akacheka.

"Jozi inafua," akamwambia, "haipigi pasi."

Akasaga magunzi ya mahindi ya baba yake, akayatia kwenye beseni na tone la dawa ya kung'arishia. Shaba ikatoka kama pete ya bibi harusi. Tangu siku hiyo jozi hazikununuliwa tena.

Na si gunzi lolote. Punje ikiwa nene hukwama kwenye kitundu ambacho moto wa fataki hupita kwenda kwenye baruti. Kuna mwaka Halvor Lien alijisafishia mwenyewe kwa gunzi la kutandikia mabanda ya sungura, akakutana na kulungu dume mwenye pembe kama mti, akavuta, bunduki ikasema *tik*. Halvor amekwisha kufa na bado tunamcheka. Verla alichekecha gunzi lake likawa laini kama unga wa uji, na hakulitupa upesi. Alilitumia mpaka likawa jeusi, maana kutupa kitu kinachofanya kazi hakukuwa desturi yake.

Mashine ilikaa kwenye chumba cha kufulia, pembeni ya jiko, kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Kazi ikiisha, alimwaga vyote kwenye chujio la zamani la tambi, akatikisa, gunzi likashuka kwenye ndoo, shaba ikabaki juu. Vumbi liliruka, alikohoa kidogo, akapangusa, basi. Kwenye sakafu hiyohiyo alitambaa Maren.

Maren alikuwa mtoto wa mwanawe Kip, ambaye kazi yake ya reli ilimweka mbali wiki nzima. Mkewe Kip, Tamra, alipika kwenye shule ya mjini, na kila asubuhi alimshusha mtoto kwa bibi yake. Tangu Dwain afariki, Verla hakuwa na sababu nyingine ya kuwasha taa mapema. Mtoto alimfuata nyuma kama kifaranga, akinyonya chochote alichokiokota.

Siku moja Tamra alikuja kumchukua mapema kuliko kawaida. Hakuvua koti.

"Mama, hebu kaa."

"Huniambii kukaa nyumbani kwangu."

"Basi simama. Nesi amepiga simu. Vile vipimo vya damu vya watoto wa mwaka mmoja vimerudi. Maren ana sumu ya madini ya risasi."

"Hiyo ni rangi ya zamani ya kuta. Kaangalieni kwenu."

"Kwetu kumejengwa juzi, mama. Nesi aliniuliza nani nyumbani anapiga bunduki. Nikamwambia mama mkwe hapigi, anasafisha maganda tu. Halafu akauliza, anasafishia nini."

"Gunzi."

"Nikamwambia hivyo. Akauliza, na vumbi lake linakwenda wapi."

Verla alitazama mlango wa chumba cha kufulia. Tamra akamweleza kama alivyoelezwa: kwamba ndani ya fataki mna madini hayo, kwamba moshi wake hubaki ndani ya ganda, gunzi huunyonya, na ukichekecha huruka, hutua sakafuni, kwenye nguo, kwenye vidole vya mtoto.

"Kip amekulia humuhumu," Verla alisema. "Kuna ubaya gani aliopata?"

"Kip hakupimwa, mama. Hatujui." Tamra alimpakata mtoto. "Kuanzia kesho atakaa kwa Doreen Hagen, mpaka nyumba hii iwe safi. Na wewe ukapimwe."

Safi. Tamra alikwisha kuondoka, neno likabaki limesimama jikoni. Watu walimletea Verla uchafu wao kutoka kata tatu ili awasafishie, leo anaambiwa nyumba yake si safi.

Alikasirika wiki nzima, na nyumba ilikuwa kimya. Mumewe Doreen, Elroy, ndiye aliyekuja kubisha hodi, amebeba pipa dogo la mpira lenye mota.

"Mtoto hajambo," alisema kabla hajaulizwa. "Jana kanitapikia kofia."

"Vizuri. Ilihitaji kufuliwa."

"Nimekuletea hili. Unatia maji, sabuni ya vyombo, unga wa limau kidogo, na hivi." Akammiminia kiganjani vijiti vya chuma kisichoshika kutu, vyembamba kama sindano zilizokatwakatwa. "Havitoi vumbi. Vinaingia mpaka ndani ya ganda."

"Maji na risasi, Elroy? Marehemu mama yako alikuangusha utotoni?"

"Mara nyingi. Jaribu tu."

Alijaribu kwa kumkomoa. Aling'oa fataki zilizokwisha kulipuka, akajaza pipa, akaliacha lizunguke. Alipofungua alitaka kuona aibu ya Elroy, akaona shaba inayong'aa mpaka ndani, mpaka kwenye vishimo vya fataki ambavyo gunzi halikuwahi kuvifikia. Ilimuudhi kuliko kama ingeharibika. Akatafuta kasoro akaipata: vijiti vilikuwa vimejibana viwiliviwili kwenye shingo za maganda, na ilibidi avitoe kimoja kimoja kwa sumaku. "Haya ndiyo maendeleo," alisema peke yake.

Maganda yalikuwa yanachuruzika maji na yalitaka kukaushwa. Akayatandaza kwenye sinia la bati, akafungua oveni. Hapo akaona ni sinia gani: lile la biskuti za Maren. Akalirudisha mezani taratibu.

Ndipo akaenda kumwaga maji ya pipa. Sinki ni lile alilomwogeshea mtoto. Akainamisha pipa, akaona rangi ya maji, akasita.

Yalikuwa meusi. Si ya udongo, meusi ya masizi, mazito, kutoka kwenye konzi chache tu za maganda. Miaka yote ile gunzi lilikuwa limemficha uchafu huo. Gunzi hubadilika rangi polepole, leo kahawia, mwezi ujao kahawia zaidi, na vumbi likiruka huonekana kama vumbi lolote. Maji hayakumficha kitu. Verla alisimama na pipa mkononi, akiwaza ni mara ngapi alichekecha na mtoto yuko magotini pake.

Hakumwaga. Aliyatia kwenye ndoo yenye kifuniko, ayapeleke mjini wanakopokea taka za sumu. Sinia likaifuata ndoo, na chujio, na gunzi lote, laini kama alivyolipenda. Akaipiga deki nyumba nzima kwa kitambaa kibichi, kuta hata madirisha, maana nesi alimwambia kwenye simu kwamba ufagio hurusha tu. Damu yake alipimwa pia. Ilikuwa mbaya kuliko ya mtoto, na hilo hakumwambia mtu ila Tamra.

"Mashine zimehamia ghala la ngano," alimwambia. "Viatu vya kule vinabaki kule, na nguo pia."

"Kule hakuna moto, mama. Maji yataganda."

"Yagande. Baridi ikianza, nafunga."

"Lakini watu wanaleta msimu wa kuwinda."

"Walete kiangazi."

Tamra hakuahidi kitu. Alingoja mtoto apimwe tena, na tena. Damu ilikuwa inashuka. Asubuhi moja gari lake likaingia uani, na hakulizima. Alimpa Verla mtoto, mfuko wa nepi, akasema anachelewa kazini.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Elroy alifika na mfuko wa maganda begani, akakanyaga ngazi.

"Simama hapohapo," Verla alisema kutoka mlangoni. "Mtoto amelala."

"Verla, kulungu hawangoji kiangazi. Pipa ni langu, nimekukopesha. Lizungushie jikoni mara moja tu, halina vumbi."

"Maji yake nimeyaona."

"Dwain angekuwa hai—"

"Angesimama hapo ulipo wewe, na mfuko wake. Kauache ghalani mpaka kiangazi, Elroy. Halafu nawa mikono kwenye bomba la nje, uje unywe kahawa."

"Bomba limeganda."

"Basi nakuletea kahawa hukohuko."