Apareyi Yenye Kuingia mu Sutien ya Koko

Apareyi yangu ya kwanza ya photo ilinyang'anywa na commandant mumoja pa barrière ya barabara, mu vita ya pili ya Congo. Ilikuwa kubwa, nyeusi, nzito sawa tofali, ya kutia filimu. Alinitazama, akatazama apareyi, akasema: "Hii ni ya espion, ya mupelelezi." Kesho yake nilimukuta pa Nyawera, mu mji, apareyi yangu inamuning'inia ku shingo, anapiga watu photo. Anasimamisha mama na beseni yake ya samaki: "Cheka!" Pa! Anasimamisha mwalimu: "Inua kidevu!" Pa! Filimu ilikuwa imeisha mbele hata hajaninyang'anya. Miye nilijua, na kisha siku kidogo watu wote walijua. Lakini nani ataenda kuuliza commandant, "Photo yangu iko wapi?" Watu walikuwa wananyoosha shati, wanachekea apareyi yenye haina kitu ndani, wanasema merci, wanaenda. Nusu ya Bukavu ilipigwa photo na ule mutu, na hakuna hata mumoja alijiona. Njo serikali tulikuwa nayo ile.

Miye nilikuwa photographe wa mu barabara. Masomo yangu iliishia ku sixième primaire, mwaka wa sita, na hata ile nilimaliza juu mwalimu alichoka kuniona. Kazi yangu ilikuwa ubatizo, watoto wapya, na vijana wenye kukopa miwani ya jua ya mwenzao ili wapigwe photo wameegemea pikipiki ya mwenzao. Sasa bila apareyi nilikuwa nakaa mu nyumba, pale Kadutu, naangalia koko yangu, na koko ananiangalia. Ni mama ya mama yangu. Kuangaliwa na ule mama bila kazi mu mikono, heri barrière.

Koko alikuwa na wasiwasi moja tu: matanga yake. Kwetu, mutu akikufa, photo yake njo inatangulia. Mutu mumoja wa familia anaishika mu cadre, mu fremu yake, mbele ya sanduku, njia yote mupaka ku makaburi. Watu wanakuja kulia, ni kweli, lakini mbele ya kulia wanaangalia cadre. Na mu vita ile, vile watu walikuwa wanakufa kila siku, mambo iligeuka sawa championnat, mashindano ya mupira. Chumvi tulikuwa hatuna. Cadre ya dhahabu ya uongo, tulikuwa nazo.

Siku moja jirani yetu, mama mumoja wa umri ya koko, alikufa. Koko alirudia ku matanga amekasirika, akatupa kikwembe yake ya kujifunika ku kiti.

"Umeona ule mama?"

"Koko, amekufa."

"Najua amekufa! Nauliza photo. Uso laini, shingo ndefu. Ule mama alikuwa na shingo tangu lini?"

"Ni photo ya zamani, koko."

"Ni uongo ya zamani! Na miye mutaweka gani? Ile ya carte?"

Photo moja tu ya koko mu dunia ilikuwa ile ya carte yake ya identité, ya kitambulisho, na pale macho yake ilikuwa imetoka sawa ya mutu wamekamata mu mihogo ya wenyewe.

"Watu watasema, pole sana, na alikuwa ameiba nini?" Akakaa. Akakohoa sana. Ile kikohozi ilikuwa naye tangu mvua ilianza, na infirmier, muuguzi wa kwetu, alikuwa ametuambia moyo yake imechoka. Hatukumwambia. Lakini koko hakuhitaji kuambiwa kitu. "Sikia," akasema. "Nauza mbuzi. Weye unatafuta apareyi ya kazi yako ya kila siku. Lakini photo ya kwanza ni yangu, na itakuwa muzuri kupita ya ule mama. Nikikufa hiyo photo haijapigwa, nitarudia usiku mu ndoto yako na uso ile ya carte."

Basi tukaenda kuchagua. Tonton akasema hatuwezi kwenda bila yeye. Ni ndugu mudogo ya mama, alikuwa anafanya kazi mu bureau ya ONG, wale watu wa misaada, na alikuwa anavaa badge yenye jina yake mupaka siku ya dimanche, mupaka ku misa, labda Mungu asimusahau jina. Njia yote alikuwa ananifundisha habari ya pixel.

"Pixel ni nini, tonton?"

"Ni… ni uwezo."

"Uwezo ya nini?"

"Ya photo! Weye hukusoma, usiulize mambo ya katikati."

Duka ilikuwa ya papa mumoja muislamu. Familia yake ilitoka zamani upande wa pwani, ikapita Uvira, ikafika kwetu, na Kiswahili yake bado ilikuwa safi sawa ya radio. Alitandika apareyi tatu juu ya kioo ya meza, pole pole, sawa mutu anaweka mayai.

"Karibuni. Hizi zote hazitumii filamu tena. Unapiga, unaiona picha hapo hapo kwenye kioo chake kidogo. Ukiipenda unaiweka, usipoipenda unaifuta."

Tonton alishika ile kubwa. "Hii! Pixel mingi. Ku bureau tuko nayo."

Nikaigeuza, nikatafuta mulango ya mapile. Hakuna. Ilikuwa na batteri yake yenyewe, ya kuchomeka ku ukuta.

"Na courant ya umeme itatoka wapi, tonton?"

"Si kuna groupe, ile jenereta."

"Ku bureau yenu! Huku Kadutu courant inapiga hodi kisha inarudia mbele hujafungua." Nikamurudishia. Miye nilitaka ya mapile, zile betri ndogo za radio, juu mapile iko kila pahali. Hata mu kijiji yenye haina dawa ya malaria, mapile utapata. Tena nilitaka yenye haipigi kelele, na ndogo. Miaka ile, apareyi muzuri ilikuwa ile soda, askari wa rébellion, hawezi kuona. Pixel utafanya nayo nini, kama iko ku shingo ya commandant?

Papa wa duka akasogeza ile ya katikati, ya rangi ya fedha, kipimo ya kipande ya sabuni. "Hii basi, kijana. Betri mbili tu, haina sauti, na nyepesi."

"Haka?" Tonton akacheka. "Haka kasabuni? Utasimama mbele ya bibi arusi na haka? Watakupatia ndoo, watafikiri umekuja kufua."

Na hakusema uongo. Kwetu watu wanaamini photographe kufuatana na uzito ya apareyi. Kubwa inapiga photo kubwa, ndogo inapiga photo ndogo, na hata uwaelezee mupaka jioni, watakuuliza kama hako kanaweza kuingiza shangazi wote. Nikaanza kusitasita, njo koko akasema: "Leta hapa."

Akashika ile ya tonton. Akafungua blouse yake juu kidogo, akaisukuma mu sutien, mu sidiria yake, pale mama zote za Bukavu zinafichaka vitu yenye iko na maana: funguo, pesa, barua, siku zingine simu ya bwana ya mutu. Ikakwama. Koko akasukuma. Ikakataa. Tonton akageuka, akasoma badge yake. Papa wa duka akaangalia plafond, dari ya duka, na kuanza kuomba Mungu kwa kiarabu.

"Hii haiingii," koko akasema. Akachukua ile ya tatu. Iliingia nusu, lakini kona moja ilikuwa inamuchoma. "Hii itaniua kabla ya siku." Akachukua kasabuni. Ikapotea yote. Akaruka kidogo, akainama, akageuka huku na huku sawa mutu anapima viatu. Kisha akamuangalia papa wa duka. "Papa, tuseme weye ni soda. Unaona kitu?"

"Mama, mimi sioni chochote, wallahi, na sitaki kuona."

"Tunachukua."

Njo vile tulichagua apareyi. Pixel ilikuwa ngapi, mupaka leo sijui.

Nilifikiri photo tutaipiga pa nyumba, koko mu kiti, ukuta nyuma. Hapana. Koko alitaka ndege. Studio zote za mu mji zilikuwa na ndege ya kuchorwa ku kitambaa. Mutu anasimama mbele, anashika valise ya studio, ni safari tayari. Lakini ile ya kuchorwa koko alikataa. Alitaka ya kweli, kule Kavumu, ku uwanja ya ndege.

"Koko, kupiga photo ya aéroport mu vita, ni kutafuta kufa!"

"Na tunapangia nini ingine?"

Tukapanda camion yenye kuenda kuchukua vitunguu. Pa barrière walitushusha wote, wakanipekua mupaka mu soseti. Koko alikuwa anasimama pale na kikwembe yake ya sikukuu, anakohoa kila mara soda anamukaribia. Hakuna mwenye alimugusa.

Kavumu tuliacha barabara, tukapita kando ya mashamba mupaka pahali uwanja inaonekana vizuri. Ndege moja nyeupe ilikuwa imesimama mbali. Koko alijipaka mafuta ku uso, akafunga kitambaa ku kichwa, akatoa apareyi mu benki yake ya kifua, ikiwa ya moto sawa kiazi.

"Ndege inaonekana?"

"Inaonekana. Inua kidevu."

"Usiniambie kidevu, niangalie shingo."

Nikaangalia shingo tu, nikabonyeza. Mbele hata sijashusha mukono, nikasikia nyuma ya koko: "Yo! Yaka awa!" Kwa Lingala: weye, kuja hapa! Soda mumoja alikuwa juu yetu, bunduki ku bega, mushipi yake wazi.

"Photo ya nini? Nani aliwatuma?"

"Ni ya matanga yangu," koko akasema.

"Matanga ya nani?"

"Yangu! Huna masikio?"

Akaninyang'anya apareyi. Mu kichwa yangu nikaona mbuzi ya koko inaenda. Lakini huyu hakutaka kuipeleka. Alikuwa mutu wa kazi: alitaka kuunguza filimu. Wote walikuwa wanafanya vile. Wanafungua mugongo ya apareyi, jua inaingia, photo zote zinakufa. Akatafuta mulango. Akaupata, ule mudogo wa chini, akafungua, na mapile mbili ikaanguka mu majani. Akainua apareyi juu, tundu ya mapile ikaangalia jua, akaishika vile, mukono imenyooka sawa padri anainua hostia. Akahesabu kwa Lingala. Akanirudishia.

"Imekwisha. Sasa imekufa."

Kisha akaokota mapile, akaipangusa ku suruali, akaweka mu mufuko. Labda radio yake ilikuwa na njaa.

"Endeni! Nisiwaone tena!"

Tukaenda. Koko hakutukana, hakugeuka, na ile njo iliniogopesha. Tulifika ku barabara, akakaa juu ya jiwe kando ya wauza kabichi, na kitambaa yake ya kichwa imelegea. Nikaona machozi. Ule mama alizika bwana na watoto wawili bila mutu kuona chozi yake.

"Ameiunguza," akasema. "Nilikuwa nimesimama muzuri. Nilijisikia. Siwezi kusimama vile tena."

Nilitaka kumwambia hakuna filimu, lakini na miye sikuwa na hakika. Papa wa duka alisema tu photo inakaa mu kakaratasi kagumu ndani. Jua ya Kavumu inaweza kuingia mu mambo mingi. Nikanunua mapile kwa muuza kabichi, nikatia, nikabonyeza. Kakioo kakawaka.

Koko alikuwa pale. Kidevu juu, shingo ndefu kupita ya ule jirani, macho ya mutu mwenye nyumba. Kwa kweli nilipiga muzuri. Ndege tu njo ilikosekana. Ku nafasi ya ndege, nyuma ya bega ya koko, soda wetu alikuwa anatoka mu migomba mbio, mudomo wazi, mukono moja ku bunduki na mukono ingine inavuta suruali. Tulikuwa tumemukatiza mu haja kubwa.

Koko akasogeza apareyi karibu ya macho. Akaangalia. Mabega yake ikaanza kutikisika. Alicheka mupaka wauza kabichi wakakuja kuuliza, na mupaka kikohozi ikamushika, na akaendelea kucheka ndani ya kikohozi.

Kijana mumoja wa cyber, pale Ibanda, alikuwa na imprimante, mashine ya kutoa photo ku karatasi. Akakodoa macho.

"Maman, naweza kumutoa huyu mutu na ordinateur, hii kompyuta. Naweka ndege pale."

"Usimuguse! Tangu bwana yangu afe, ni mwanaume wa kwanza kukimbia sababu yangu."

Tulipoonyesha tonton, alifunga madirisha. "Mutembeze hii mu barabara, mbele ya sanduku, masoda wanaangalia? Watatuzika sisi wote siku moja! Hii photo haitoki mu nyumba mupaka hawa watu waondoke." Akaificha chini ya matelas ya kitanda yake mwenyewe. Tonton, ni mara moja tu nilimuona anafanya kitu ya maana.

Mwezi iliofuata, koko alilala. Moyo. Infirmier alikuja, akatikisa kichwa, akaenda. Tonton akaanza kuuliza bei ya mbao, na pa mulango akanong'ona kwangu kwamba, juu ya usalama, itabidi kutumikisha ile ya carte.

"Nimesikia," koko akasema mu kitanda. Macho yamefungwa. "Ile ya carte, weka ku matanga yako. Yangu ni ile ingine. Na kama haiwezi kutembea mu barabara juu ya hawa masoda, na miye siendi. Waende wao kwanza."

Tonton akamwambia mambo ya Mungu hayachaguliwi.

"Na apareyi mulisema vile, na miye nilichagua."

Asubuhi aliomba supu. Kisha siku kidogo, alikuwa ananitukana mupaka inje. Kufa alikataa, hivi hivi, sawa mutu anakataa kupanda camion yenye imejaa. Wale masoda wakakaa, wakakaa, kisha wakaondoka. Wakakuja wengine, na uniforme ingine. Nilikimbia kumupatia koko habari, nikamukuta anachambua maharagi.

"Hawa wapya," akauliza, "wanachekaka?"

"Bado hatujaona, koko."

"Basi siendi bado. Weka maji ya bugali. Mingi."