Siku Tuliyongoja Kimbunga Dundori

Redio ilipotangaza kwamba kimbunga kinakuja kutoka baharini, sisi wa Dundori tuliisikiliza kama habari ya watu wengine. Bahari iko mbali nasi, safari ya siku nzima kwa basi. Lakini siku mbili baadaye mwenyekiti wa kamati yetu ya majanga akaita mkutano. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na watu wazima aliowafundisha wakiwa watoto bado walikuwa wakisimama akiingia mahali. Mimi nilikuwa karani wa kamati kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka.

Mwalimu alikuwa amepata karatasi ya maagizo, na fomu ya kujaza. Aliyeiandika aliwaandikia watu wa pwani, hilo lilionekana wazi, ila mwalimu alisema agizo ni agizo. Tukaanza.

Madirisha yafungwe kwa mbao. Tukayafunga. Kisha karatasi ilitaka magunia ya mchanga milangoni. Mchanga hatukuwa nao, lakini tulikuwa tumetoka kuvuna viazi, kwa hiyo tukapanga magunia ya viazi. Kwa jirani yetu mmoja, mjane mwenye shamba kubwa, tuliyapanga vizuri mno hata mlango ukakataa kufunguka, naye akiwa ndani. Ikabidi tubandue mbao za dirisha la jikoni tulizokuwa tumezipigilia asubuhi. Alitoka kwa heshima zote, akashukuru kamati, akauliza ataingiaje.

Agizo lililofuata ndilo lililotusumbua. Kila mwenye mashua aitoe majini, aifunge mahali palipoinuka. Mwalimu akaniambia nijaze idadi ya mashua.

"Hakuna, mwalimu," nikasema.

"Hakuna si idadi."

Nikaandika sufuri. Aliitazama, akaniambia kwa upole kwamba maisha yake yote hajawahi kupeleka fomu yenye sufuri, kwa sababu sufuri huleta maswali. Tukazunguka kijiji kutafuta kitu. Mwishowe tukasimama mbele ya hori la baba yangu, gogo refu lililochongwa katikati, ambamo ng'ombe wetu walikuwa wakinywa maji. Mwalimu akauliza kama linaelea. Baba ni mtu mkweli. Akajibu kwamba hajawahi kujaribu.

Basi wanaume wanne walilibeba mpaka bwawa la umwagiliaji. Karani ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wanakamati wengine, kwa hiyo nikaketi ndani nikiwa nimevaa gambuti, fomu mkononi. Lilielea. Nilikwenda hatua kama tatu hivi, nikazunguka mara mbili bila kupenda, watu ukingoni wakinitazama kama wanaoangalia mazishi. Nilipovutwa nje, mwalimu akaniagiza niandike: mashua, moja. Na kwa kuwa sasa ilikuwa mashua na ilikuwa majini, agizo lilitaka itolewe. Tulilipandisha mlimani, tukalifunga kwa kamba kwenye mkaratusi. Ng'ombe wakawa wananywa kwa beseni la mama la kufulia, na mama akaacha kunisemesha.

Siku yenyewe ya kimbunga tulikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa tangu asubuhi, kila mtu na sweta mbili. Nje jua lilikuwa kali na hakuna jani lililotikisika. Chakula cha dharura, githeri ya mahindi na maharagwe iliyopikwa itoshe siku tatu, kiliisha kabla ya saa sita, maana hapakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Baba alilala. Mjane alisuka kikapu akakimaliza.

Ilipofika saa kumi ng'ombe walianza kulia mashambani. Mama akasimama, akasema anakwenda kukamua. Mwalimu akamweleza kwamba karatasi inataka watu wasitoke mpaka watangaziwe rasmi kuwa kimbunga kimepita, naye hajapigiwa simu na mtu yeyote. Mama akamjibu kwamba maziwa hayangoji simu. Akatoka, wanawake wengine wakamfuata, kisha wanaume wakaona aibu kubaki.

Nilipogeuka mlangoni nilimwona mwalimu ameketi peke yake kwenye benchi la mbele, simu mbele yake, koti amelifunga vifungo vyote. Sikuweza kucheka. Nilipomaliza kumsaidia mama kukamua, akamimina chai kwenye chupa, akanituma nimpelekee mwalimu. Njiani bado hakuna jani lililotikisika.

Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Alikunywa kikombe kizima.

"Huko nje," akauliza, "upepo umeanza?"

Nikamwambia umeanza kidogo. Akaitikia kwa kichwa, akajisogeza ili nami nipate mahali pa kukaa.