Siku Sindano Alipoandika Mbuzi

Haya ninayoandika hutayaamini, wala sikulaumu. Hata dada yangu wa tumbo moja, mama yake Sindano, nilipomsimulia alinitazama tu akaendelea kukunja nguo. Lakini nilikuwepo. Niliitwa ofisini kwa kina Sindano kubadilisha kitasa cha mlango, maana kwa vitasa mji huu hauna mwingine kama mimi. Waulize wote, isipokuwa mafundi wenzangu.

Sindano ni mpwa wangu. Jina hilo nilimpa mimi: mwembamba, kimya, lakini mguse uone. Anatengeneza tovuti. Mimi shule niliiaga mapema kabla haijaniaga yenyewe, ila alinieleza nikaelewa. Zahanati ilitaka akina mama wapange miadi kwa simu badala ya kukaa foleni tangu alfajiri. Nyuma ya tovuti kuna hifadhidata, yaani ghala la taarifa, na wao walikuwa nayo mawili: la majaribio, lililojaa wagonjwa wa kubuni, na la kweli, lenye rekodi za akina mama na chanjo za watoto wao. Kadi za karatasi zilioza paa la zahanati lilipovuja, na nakala nyingine haikuwepo. Ghala lile likienda, limekwenda.

Asubuhi hiyo daktari wa zahanati alikuwa njiani kuja kuona kazi. Sindano akafungua tovuti, ikagoma. Skrini ikaandika kwamba jedwali la miadi halipo.

"Jana mchana lilikuwepo," akasema.

Meneja wake, mtu wa jasho jingi na subira kidogo, akaja kusimama nyuma ya kiti. "Kuna amri ya kujenga majedwali upya. Ipige."

"Amri hiyo inafuta kila kitu kwanza, bosi."

"Si unafuta ya majaribio? Wagonjwa wenyewe wa uongo. Utamlilia nani?"

Sindano akafungua faili la mipangilio, pale programu inapoambiwa ishike ghala lipi. Limeandikwa majaribio. Nywila sawa, kila kitu sawa. Akaiandika ile amri mpaka mwisho, ikabaki kubonyeza kitufe kimoja. Kidole kikaenda juu ya kitufe, kikakaa hapo. Bisibisi ikaniteleza mkononi kwa jasho.

"Unangoja nini, dada? Daktari yuko ngazini."

"Faili linasema majaribio. Programu yenyewe haijasema."

"Ndiyo lugha gani hiyo?"

Sindano akaifuta amri, herufi moja moja, akarudi kwenye faili, na mahali pa jina la ghala akaandika neno jingine.

"Umeandika nini hapo?"

"Mbuzi."

"Mteja yuko ngazini, wewe unafuga mbuzi?"

"Hatuna ghala linaloitwa mbuzi, bosi. Kama programu inasoma faili hili, sasa hivi italalamika kwamba mbuzi haonekani."

Akafungua tovuti. Mbuzi hakutajwa. Kosa lilelile: jedwali la miadi halipo. Kumbe programu haikuwa ikilisoma faili lile hata kidogo. Sindano akaiuliza moja kwa moja, umeshika ghala lipi? Ikajibu kwa neno moja: zahanati.

La kweli. Lenye watoto wa watu. Jedwali la miadi halikuonekana kwa sababu lilikuwa jipya, huko halijawahi kuwekwa.

Meneja akavuta kiti akakaa, akanyanyuka, akakaa tena.

"Jana jioni nilipounganisha na la kweli ili nihesabu rekodi," Sindano akasema taratibu, "kuna mtu alipiga ile amri ya kuhifadhi mipangilio, tovuti iende mbio?"

Meneja akakitazama kitasa changu. "Ilikuwa inajikokota," akasema.

Basi ndiyo hivyo. Programu ilijiwekea nakala ya mipangilio ya jioni ile, ikawa inaishi nayo. Faili ulibadilishe upendavyo, yenyewe haina habari. Sindano akaifuta nakala, akamwondoa mbuzi, akauliza tena. Majaribio. Tovuti ikafunguka, daktari akaingia, akajipangia miadi ya uongo na kucheka. Sindano alimwomba jambo moja tu: kabla hajaondoka, watoe nakala ya rekodi zake zote.

Sasa watu huniuliza nani aliyeokoa rekodi zile, kidole kikiwa juu ya kitufe. Sipendi kujisifu. Lakini niliruka kutoka mlangoni, nikaudaka mkono wa mpwa wangu hewani, nikanguruma, "Hapa habonyezi mtu," meneja akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, machozi yanamlenga, ananiita mzee wangu nisamehe, na mimi nika—

"Mjomba," Sindano amesimama nyuma yangu, anasoma, "si wewe uliyesema bonyeza tu, tuwahi chai?"