Miwani ya Papa na Pua ya Bwana

Papa yangu alikwenda Bukavu kutafuta miwani kwa sababu alikuwa amemwaga unga wa Luhwindja nzima ndani ya mtaro. Ninyi mnaosoma haya mliula ule unga uliookotwa, mkatoa vijiwe kwa meno, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza sana.

Nitaeleza kidogo tu, kwa ajili ya wageni. Papa ni shofere wa kamyo inayoleta chakula cha wafanyakazi wa dhahabu. Anatoka Bukavu mchana, na anapokaribia mlima wetu giza limeanza kuingia. Pale chini ya mlima kuna bariere, mti wa kuzuia magari, kwani barabara ya juu inatosha gari moja tu: zinazoshuka zinashuka kwanza, zinazopanda zinangoja. Mlinzi wa bariere akizifungulia zinazoshuka anapiga ngoma, halafu kamyo zote zinatoka kwa pamoja kama wanafunzi wakisikia kengele ya chakula, taa wazi, zikimkabili yeyote anayetoka Walungu. Jioni ile Papa aliziona taa. Baada ya taa hakuona kitu. Baada ya hapo aliuona mtaro vizuri sana, maana alikuwa ndani yake. Alifika nyumbani mweupe kuliko Padri.

Mimi nilicheka. Bwana wa kazi hakucheka. Alisema Papa atafanya safari moja zaidi, na Kapita Birindwa, msimamizi wetu, atakaa pembeni yake kumtazama. Kamyo ikitoka barabarani tena, funguo atapewa kijana Bahati, na Papa ataingia ghalani kupima unga.

"Kupima unga si aibu," Maman alimwambia. "Utakuwa unalala nyumbani."

Papa alichukua ndoo akaenda kuiosha kamyo, ingawa aliiosha asubuhi, na nilimsikia akizungumza nayo kwa sauti ya chini kama mtu anayemuaga mgonjwa. Hapo kicheko changu kiliisha.

Asubuhi ya safari nilipanda naye. Nilichukuliwa kwa sababu Kifaransa cha Papa kinaishia kwenye "oui", na changu kinaendelea mbele kidogo, hadi mahali mwalimu alipochoka. Kabla ya kuondoka Papa alifanya kile wanachofanya mashofere wote wa milima yetu: alilowesha jani la tumbako kwa mate, akasugua kioo cha mbele kwa nje, kusudi mvua iteleze isishike. Ndivyo afanyavyo kila safari, jani la leo juu ya jani la jana.

"Papa," nikasema, "hiki kioo kinavuta tumbako kushinda babu."

"Ingia mu kamyo, babu asikusikie."

Walungu tuliikuta siku ya soko. Kati ya sabuni na vioo vya kujitazamia, muuzaji mmoja alikuwa ametandaza miwani juu ya gunia: nyeusi kama za Bwana anapokwenda kuwinda bata, za buluu, na za manjano.

"Papa shofere!" muuzaji akaita. "Hii ya manjano njo ya usiku. Ukiivaa tu, giza inakimbia."

"Kama giza inaikimbia," nikauliza, "juu ya nini tunaijaribu na hili jua lote?"

Muuzaji akanitazama, kisha akamtazama Papa. "Na huyu ni nani?"

"Ni mutoto wangu," Papa akajibu. "Ukitaka, naye nauzisha."

Alizinunua. Kutoka pale hadi Nyangezi alikuwa amezivaa, akisifu vilima, akisifu migomba, akisema hata ng'ombe wa watu wamenenepa. Nilimwambia anafanana na chura aliyeketi pombeni. Alicheka sana, akanipa mkungu wa ndizi mbivu nishike, maana yake nile. Nikaanza kuzipenda zile miwani za manjano, kwa jinsi zilivyomfurahisha.

Alasiri tuliteremka Bukavu. Ziwa lilikuwa limetulia, na mji umenyoosha vidole vyake majini kama mtu anayenawa kabla ya kula. Tulifikia Kadutu kwa Shangazi Nsimire, dada mkubwa wa Papa, mwanamke pekee duniani anayemwita Papa "mutoto". Alitufungulia mlango, akamtazama kaka yake usoni, akaurudisha mlango.

"Nsimire! Ni miye!"

"Naona ni weye. Nilikuwa naomba Mungu kwanza."

Alitupa bugali na mboga ya lengalenga, akasikiliza habari ya mtaro bila kuingilia. Halafu akamvua Papa miwani, kwa vidole viwili, kama anayetoa mdudu kwenye maziwa.

"Sikia, mutoto. Kesho utakwenda kwa yule Madame wa miwani, kule mujini. Namuuzishaka mboga, atakupokea. Hii nguo ya sherehe utaiweka mu mufuko."

"Lakini inaangaza, dada."

"Hata pombe inaangaza."

Kesho yake asubuhi tuliingia kwa Madame kupitia mlango wa pembeni, kwani ule wa mbele ulikuwa wa watu ambao miguu yao haigusi vumbi. Madame alikuwa mfupi, mkali, na harufu yake ilikuwa ya sabuni na celery, zile mboga za Shangazi. Alimweka Papa kwenye kiti, akamwonyesha picha za mishale inayoelekea huku na kule, akambadilishia vioo mbele ya jicho moja, kisha la pili. Mimi nilikuwa mtafsiri.

"Anasema macho yako iko mazuri, ila ile ya kushoto imechoka kuona mbali."

"Vizuri."

"Na anasema uko muzee."

Papa akageuka. "Amesema vile yeye, ao ni weye?"

"Tumesema pamoja."

Papa alitoa miwani yake ya manjano mfukoni, akaeleza kwa mikono yote miwili kwamba tatizo si kuona mbali, tatizo ni taa. Madame hakumcheka. Alichukua miwani nyeusi kabatini, akaiweka kando ya ile ya manjano, na kando yake akaweka ya tatu, yenye vioo visivyo na rangi, alivyovipima kwa macho ya Papa. Kisha akafunga pazia zito na chumba kikawa giza. Akawasha tochi yenye nguvu, akaielekeza usoni mwa Papa, akanisukuma mimi nisimame hatua moja pembeni ya mwanga.

Papa alivaa nyeusi kwanza.

"Ee! Hii njo yenyewe. Taa imepoa kabisa."

Madame akaniambia nimuulize kama ananiona. Mimi wakati huo nilikuwa nimevuta masikio yangu kwa nje na kutoa ulimi hadi kidevuni.

"Papa, unaniona?"

"Nakusikia. Uko mu kona gani?"

Akavaa za manjano. "Sasa iko kama jua! Ona, ona!" Niligeuza macho, nikavimbisha mashavu, nikacheza kidogo kama bata. "Mutoto ametoka?" akauliza Papa kwa furaha.

Madame akampa ile isiyo na rangi. Papa aliivaa. Tochi bado ilikuwa inamchoma, maana alikunja uso, lakini kichwa chake kiligeuka polepole kutoka kwenye mwanga kikaja hadi kwangu, kikasimama.

"Mugisho," akasema. "Rudisha huo ulimi mu kinywa, ao nakuja kuukata."

Hakuna aliyemtafsiria Madame, lakini alicheka hadi tochi ikatikisika. Halafu alieleza, nami nikasema kwa Kiswahili neno kwa neno, bila kuongeza lolote: usiku mwanga ni kidogo, miwani ya rangi inakula katika ule kidogo, jicho linafurahi kwa sababu taa imepungua, kumbe na mtu aliye pembeni ya taa amepungua pia. Papa avae hii, na taa zikija asizikodolee, atazame ukingo wa barabara wa upande wa kuume.

Papa alikubali. Ila miwani ya manjano aliirudisha mfukoni, taratibu, kama mtu anayemficha rafiki.

Mchana tulipakia unga, tukaaga Kadutu. Shangazi alimfunga kaka yake ile miwani mpya kwa kamba nyuma ya kichwa ili isianguke kwenye mashimo. "Sasa unafanana na mwalimu," akamwambia. "Enda, mutoto. Rudi na funguo."

Mvua ilitupiga tangu Nyangezi, na kweli maji yaliteleza kwenye ile tumbako kama yanafukuzwa. Walungu tulimchukua Kapita Birindwa, aliyekuwa akitungoja pale. Alipanda amevaa kofia yake ya kazi, akaketi kati ya mimi na mlango, akaitazama miwani ya manjano iliyochungulia mfukoni mwa Papa, akasema habari za jioni, basi. Papa alishika usukani kwa mikono miwili. Hakuimba. Papa ambaye haimbi ni kama kamyo isiyo na honi.

Giza lilipoanza kushuka tulifika kwenye daraja la chini ya bariere. Mvua ilikuwa imekwisha. Papa alisimamisha kamyo injini ipoe, na mimi nikarukia kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma viazi vitamu kando ya daraja. Nilitoa kiazi majivuni kwa mkono wangu mwenyewe, na nilipokuwa nakipuliza nilipanda juu ya bampa, nikaanza kuchora kwenye kioo cha mbele kwa kidole chenye majivu na maji ya mvua. Nilimchora Bwana wa kazi. Pua yake nilianzia upande wa Papa nikaimalizia upande wa Kapita, na bado niliibana. Nilisugua sana, kwani pua ile inataka heshima.

Nikiwa nimerudi ndani, gari dogo likapita likitoka juu, taa wazi. Kioo chote kikawa maziwa. Papa akafumba macho.

"Sioni," akasema. Alisema polepole, si kwa Kapita, si kwangu. "Na hii ya Madame, sioni."

Kapita akakohoa. "Vaa ile ya manjano, Papa Zihalirwa. Hata miye niko nayo hamu."

Mkono wa Papa ulishakwenda mfukoni. Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo. Maziwa yalikuwa kioo kizima isipokuwa sehemu moja: pua ya Bwana. Ndani ya ile pua, pale nilipokuwa nimesugua kwa majivu, nililiona gari linavyokuja, nikauona ukingo wa daraja, nikayaona hata majani.

"Papa! Njoo utazame mu pua ya Bwana!"

"Sasa si saa ya kucheza, Mugisho."

"Papa, nakuomba. Inamisha kichwa. Tazama hapa."

Labda ni kwa sababu si kawaida yangu kuomba. Aliinamisha kichwa. Alitazama puani kwa muda, akavua miwani ya Madame, akaivaa tena, akatazama nje ya pua, kisha ndani. Halafu alisema neno moja:

"Tumbako."

Pale pale ngoma ya bariere ikalia kule mbele. Kamyo zilikuwa zimefunguliwa.

Sijawahi kumwona Papa akikimbia hivyo. Mama wa viazi alitupatia majivu yake na kitambaa, akitutukana kwa Mashi, lugha ya kwetu, na kutusaidia wakati mmoja. Papa alisugua, mimi nilimwaga maji, na Kapita Birindwa mwenyewe, na kofia yake, alikausha kwa shati la akiba. Tumbako ya miaka yote ikashuka kahawia hadi kwenye bampa. Bwana naye akafutika, pua na yote.

Tulikuwa tumeondoka darajani kamyo zilipotokea. Ya kwanza, ya pili, kisha mstari mzima, taa mbili mbili. Zilikuwa kali, sidanganyi. Lakini safari hii zilikuwa taa tu, hazikuwa ukuta. Papa alitazama kuume kama alivyoambiwa, akaenda taratibu, midomo yake ikihesabu mashimo. Kisha akakanyaga breki, kamyo ikasimama, na Kapita akagonga kofia kwenye kioo.

"Ni nini? Hakuna kitu!"

"Kuko muntu," Papa akasema.

Nami sikumwona hadi alipotusogelea: bibi mmoja chini ya mzigo wa kuni, akitembea kwenye ukingo ule ule wa kuume, rangi moja na udongo. Alifika mlangoni mwa Papa akashika chuma kupumzika.

"Ni ile kamyo ya unga," akasema. "Siku ile ulinipita, nikaruka mu mutaro mbele yako. Nikasema, huyu muntu hanioni. Leo umeniona."

Papa alikuwa hajui. Siku zote hizo alikuwa anahesabu unga. Alishuka, akautua mzigo wa bibi, akaupandisha nyuma ya kamyo. Bibi akaketishwa kati yetu, Kapita akaenda kukaa juu ya magunia bila kuambiwa. Tulimshusha kwake karibu na bariere. Hakuna aliyefanya mzaha kwenye kipande kile cha barabara, hata mimi.

Usiku tulifika Luhwindja, unga mkavu, hakuna kijiwe hata kimoja. Bwana alitoka na taa, akamtazama Kapita. Kapita akasema, "Anaona kunishinda miye." Bwana akasema kesho kuna chumvi ya kubeba, akaingia ndani. Papa aliziweka funguo mfukoni, na alipoiosha kamyo alikuwa anaimba.

Nilichojifunza nimewaeleza mashofere wengine, na wachache wameacha kusugua tumbako. Waliobaki wanasema mimi ni mutoto. Miwani ya manjano alipewa Kapita, anaivaa kwenye misa ya Jumapili, na anasema Padri amenawiri. Hasara ya safari yote imenipata mimi. Zamani, tukirudi jioni, nilikuwa naweza kumwigiza Papa pale pembeni yake, mdomo, shingo na yote, naye asijue. Juzi nimejaribu, na kamyo kumi zinatukabili kwa taa.

"Shingo yangu haiko ndefu vile," akasema, macho yake kwenye ukingo wa kuume.