Sentrifuji Ilipotetemeka

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali, mjini Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, sikugusa damu hata tone. Msimamizi, mama mnene wa sauti ya chini, alinisimamisha mbele ya sentrifuji, mashine inayozungusha tyubu za damu kwa kasi mpaka chembe nyekundu zizame na maji ya manjano, yaani seramu, yabaki juu.

"Hii si feni, Otieno," akasema. "Tyubu huku, mwenzake ng'ambo, uzito sawa. Ukiwa na moja tu, tia maji kwa nyingine. Funika. Na usiizuie kwa kidole. Vidole hatuweki stoo."

Nilifanya kazi Sondu, halafu nikahamishiwa hospitali ndogo upande wa Seme, chini ya Daktari Mkuu mmoja mwenye haraka. Asubuhi moja aliletwa mama aliyejifungulia nyumbani, damu ikimtoka bila kukoma. Damu ya dada yake ilikuwa imeshapimwa magonjwa, na kundi lililingana. Ilibaki kuchanganya seramu ya mgonjwa na chembe za dada. Zikishikana, damu hiyo ingemuua.

Niliweka tyubu, nikasawazisha uzito, nikafunika. Muuguzi Auma alisimama karibu akingoja. Mashine ilipopata kasi ikaanza kutetemeka, ikasogea mezani.

"Sista, toka!"

Nilichomoa waya ukutani, nikamsukuma hadi koridoni. Kishindo kikalia. Tulingoja mpaka mlio ukafa kabisa. Kikombe cha chuma kinachobeba tyubu kilikuwa kimeliwa na kutu chini ya rangi, kikapasuka. Kifuniko kilibonyea, lakini kilishika. Vioo na damu vilibaki ndani.

Daktari Mkuu akaja mbio. "Damu iko wapi? Mama anaisha!"

"Ya kupima imemwagika, Daktari. Nipe nyingine."

Kabatini kulikuwa na sentrifuji ya mkono, ya kufunga ukingoni mwa meza na kuzungusha kwa mpini. Nilikagua vikombe vyake kimoja kimoja, nikatia tyubu mpya za damu alizoleta Auma, nikaanza kuzungusha. Mkono ulipochoka, Daktari akavua koti, akanipokea mpini.

"Sasa tuisimamishe?" akauliza, jasho likimtiririka.

"Tukiikamata ghafla, chembe zitapanda tena. Iache."

Tukasimama tukiitazama ikipunguza mwendo. Sijawahi kuona kitu kinachochelewa vile.

Nilichanganya seramu na chembe za dada; kwenye hadubini, kila chembe ilikuwa peke yake. "Hazijashikana!" nikapiga kelele. Auma akatoka mbio na chupa ya damu.

Jioni alirudi dirishani. "Bwana Otieno, ameomba uji."

Nilikaa sakafuni. Nikacheka peke yangu.

Sasa nimestaafu. Vijana mnaoingia maabara, mtafanya kazi ambayo mgonjwa hawezi kuiona. Mama yule tuliyempa damu huuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni na hanijui. Juzi nililalamika kwamba kipimo chake ni kidogo, akanikaripia mbele ya watu: "Mzee, kama hutaki, acha!"

Nilinunua, nikaenda zangu, moyo mweupe.